Bunduki Walikuwa Nazo



Ndugu msomaji, ukurasa huu aghalabu huwa wa malezi, ndoa na mirathi. Leo pia ni wa malezi, ijapokuwa nakuomba univumilie tutembee mbali kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala na mwanangu kutoka huku kwetu Mbweni kwenda mjini kumnunulia viatu vya shule. Tulipofika mbele ya kambi ya Lugalo, katika foleni ile ambayo kila mkazi wa njia ya Bagamoyo anaijua, akaniuliza jina hilo lina maana gani. Nikamweleza kwamba zamani kambi ile iliitwa Colito, na kwamba Lugalo ni mahali huko Uhehe, Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Mtwa Mkwawa na watu wake walilivunja jeshi la Wajerumani. Akanyamaza mpaka Mwenge. Kisha akasema: “Baba, kama tuliwashinda, mbona mwisho walitutawala?”

Nikamjibu kama nilivyofundishwa mimi nilipokuwa na umri wake, kwamba wazee wetu walikuwa na silaha duni. Akatikisa kichwa. “Mwalimu naye kasema hivyo. Lakini kasema pia kwamba misafara ya pwani ilikuwa ikipeleka bunduki bara. Sasa bunduki walikuwa nazo au hawakuwa nazo?”

Nilikosa neno. Mtoto wa miaka 13 alikuwa ameona tundu katika jibu ambalo mimi nimelibeba kwa miaka arobaini bila ya kuligeuza nikatazama upande wa pili. Haya yanayofuata ndiyo niliyopaswa kumwambia mle ndani ya daladala.

Bunduki walikuwa nazo, tena nyingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani yetu. Hata mtu akiona kwamba balozi alitia chumvi, akaigawa hesabu hiyo mara mbili, bado ni shehena kubwa. Zilishuka Zanzibar, zikavuka kwa majahazi hadi Bagamoyo, Saadani, Pangani na Kilwa, kisha zikapanda bara na misafara kwenda kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Wawindaji walikuwa nazo, ruga-ruga wa Mirambo walikuwa nazo, maliwali na wenye mashamba ya pwani walikuwa nazo. Anayesema kwamba wazee wetu walimkabili Mjerumani kwa mikuki mitupu anadhani anawatetea, kumbe anawapunguzia.

Basi tuulize zilikuwa bunduki za namna gani, na ni nani aliyemfundisha mwenye nayo kulenga.

Nyingi zilikuwa magobori, na mengi ya magobori hayo yalikuwa ya gumegume. Vijana wa leo hawajui gobori linavyofanya kazi, kwa hiyo nitaeleza. Mpigaji humimina baruti katika kasiba kwa kupitia mdomoni, akaisindilia kwa mdeki, akatia risasi ya duara au marisaa au hata vipande vya chuma, akasindilia tena, kisha akatia baruti kidogo kando, karibu na tundu la moto. Akivuta kifyatulio, jiwe la gumegume hupiga chuma, cheche huiwasha ile baruti ya kando, nayo huiwasha ya ndani. Ikiwa upepo ni mkali au mvua inanyesha, huenda asisikie chochote isipokuwa mlio wa jiwe.

Hapa ndipo jibu la “silaha duni” linapoacha jambo kubwa nje. Gobori halikubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Ndiyo silaha waliyokuwa nayo askari wa Uingereza walipopigana na Napoleon kule Waterloo mwaka 1815. Na askari yule wa Waterloo, ambaye vitabu vinamsifu, hakufundishwa shabaha. Alifundishwa kushindilia haraka, kusimama bega kwa bega na mwenziwe wakati watu wanaanguka, na kufyatua pamoja na safu nzima amri inapotoka. Kulenga hasa hakukuwa na maana kubwa, kwani risasi ilifanywa ndogo kuliko kasiba ili iteremke kwa urahisi, kwa hiyo ilitoka ikigongagonga kuta za ndani na kuelekea ilikotaka. Kanali mmoja wa Kiingereza, George Hanger, aliandika mwaka 1814 kwamba kumpiga risasi mtu aliye umbali wa yadi 200 kwa bunduki ya kawaida ya askari ni sawa na kuupiga mwezi. Silaha ilikuwa ile safu. Mtu mmoja ndani yake alikuwa kama punje moja ya marisaa.

Kwa hiyo, laiti Mjerumani angelikuja kwetu mwaka 1815, angelikuja na gobori lake kukutana na gobori letu. Yaliyobadilika yalibadilika kati ya hapo na 1889.

Badiliko lilianzia katika kasiba. Wawindaji wa milimani huko Ulaya walijua tangu kale kwamba mtutu ukichongwa ndani mifereji iliyojipinda kama parafujo, risasi hutoka ikizunguka na kwenda sawa. Tatizo lilikuwa kwamba risasi inayoshika mifereji haiteremki mpaka isukumwe kwa nguvu nyingi, na vitani hakuna anayekusubiri umalize kusukuma. Mwaka 1849 ofisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alitoa risasi yenye ncha mbele na shimo nyuma. Inateremka bila ya taabu. Baruti inapowaka, kitako chake hutanuka na kuishika mifereji. Ni jambo dogo sana kuliandika. Lakini ghafla askari wa kawaida, mtoto wa mkulima asiyejua kusoma, akawa na chombo kinachoweza kumpata mtu aliye yadi mia kadhaa mbali, na Waingereza na Wafaransa walikitumia katika vita vya Krimea, vya 1853 hadi 1856, walipokuwa upande mmoja na Dola ya Uthmaniya dhidi ya Urusi.

Akawa na chombo, lakini hakujua kukitumia. Wakubwa wa majeshi wakagundua kwamba wanapaswa kumfundisha askari mmoja mmoja kitu ambacho hawakuwahi kumfundisha: kutazama. Mwaka 1853 Waingereza walianzisha chuo cha shabaha katika mji wa Hythe, pwani ya kusini mwa nchi yao. Wafaransa walikuwa na chao Vincennes, Waprusia wakawa na chao Spandau. Ofisa na sajini walikwenda Hythe kujifunza, kisha wakarudi katika vikosi vyao kuwafundisha wengine.

Mafunzo yenyewe yanavutia, na nakiri kwamba nilipokuwa nikiyasoma nilisahau chai yangu ikapoa. Mwanafunzi hakupewa risasi siku ya kwanza. Alifundishwa kwanza kwamba risasi haiendi kwa mstari ulionyooka, bali hupanda na kushuka kama jiwe lililorushwa, na kwamba anayelenga mbali sharti ainue mtutu kwa kipimo. Kisha bunduki iliwekwa juu ya mfuko wa mchanga, akaambiwa ailenge, na mwalimu akaja kuchungulia nyuma yake kuona kama amekosea. Baadaye aliwekewa mshumaa unaowaka, hatua moja hivi mbele ya mdomo wa mtutu, akafyatua fataki tupu bila ya baruti wala risasi. Akilenga sawasawa bila ya mkono kutikisika, pumzi ya fataki huuzima mshumaa. Akitikisika, mshumaa unaendelea kuwaka na wenzake wanamcheka.

Lakini somo kubwa lilikuwa kukadiria umbali. Askari walisimamishwa uwanjani, huyu yadi 100, yule 200, yule 300, na mwanafunzi akaambiwa aeleze anachokiona. Umbali huu unaona sura na vifungo vya koti. Umbali ule sura imepotea lakini unaona mikono. Zaidi ya hapo ni umbo tu. Akishajua kuusoma umbali kwa macho ndipo aliporuhusiwa kuchoma risasi, na kila mwaka alipewa fungu lake la risasi za mazoezi. Waliofaulu vizuri zaidi walivaa mkononi alama ya bunduki mbili zilizopishana na wakaongezewa mshahara.

Sisi tuliosoma sira hatukuhitaji kwenda Hythe kuambiwa kwamba shabaha si kazi ya mkono peke yake. Watoto wetu wa madrasa wanajua habari ya wapigaji mishale hamsini wa Uhud, chini ya Abdullah bin Jubayr, radhi za Allah ziwe juu yake. Hakuna aliyesema kwamba mishale yao haikuwa mizuri au kwamba hawakujua kulenga. Wengi wao waliondoka mahali walipoamriwa kukaa, na hilo likatosha. Hythe nayo ilikuwa ikifundisha jambo la jamii hiyo: kungoja, kutopoteza risasi kwa hofu, kutofyatua kwa sababu jirani amefyatua.

Mafunzo haya mapya yalifika vibaya sana kwa ndugu zetu wa Bara Hindi, na siwezi kupita bila ya kusema. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilitumia kifurushi cha karatasi chenye baruti na risasi, kilichopakwa mafuta, na katika kwata ya zama hizo askari alikifungua kwa meno. Mwanzoni mwa 1857, katika kituo cha kufundishia bunduki hiyo huko Dum Dum karibu na Calcutta, zilienea habari kwamba mafuta yale ni ya ng’ombe na nguruwe. Hindu na Mwislamu wakaguswa kwa pamoja. Kule Meerut wapanda farasi 85 walikataa kupokea vile vifurushi. Wakahukumiwa, na tarehe 9 Mei wakafungwa minyororo mbele ya wenzao wote. Siku iliyofuata wenzao waliinuka, na uasi ukawaka hadi Delhi. Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi na za miaka mingi. Lakini cheche ilitoka darasani, katika somo la shabaha.

Sasa turudi pwani kwetu, kwa sababu mabadiliko yale ya Ulaya na magobori yetu ni hadithi moja. Kila jeshi la Ulaya lilipochukua bunduki mpya, lilibaki na maghala yaliyojaa za zamani. Walitoka kwenye gumegume wakaingia kwenye fataki. Wakatoka kwenye fataki wakaingia kwenye mifereji ya Minié. Kisha kwenye bunduki za kufungulia nyuma, ambazo hazihitaji mdeki kabisa. Kila hatua ilitupa maelfu kwa maelfu ya bunduki sokoni, na wafanyabiashara wakatafuta pa kuziuza. Viwanda vya Liège huko Ubelgiji navyo vikatengeneza nyingine za bei nafuu makusudi kwa biashara ya Afrika. Ndiyo shehena aliyoihesabu Euan-Smith. Kadiri askari wa Ulaya alivyozidi kujifunza kulenga, ndivyo bunduki zisizolengeka zilivyozidi kuteremshwa Zanzibar.

Na hata mwenye bunduki nzuri alikabiliwa na hesabu ya kikatili. Shabaha hujengwa kwa kuchoma risasi ambazo hazimpati mtu wala mnyama. Mwindaji wa ndovu wa Kinyamwezi au wa Kimakua aliyeinunua baruti yake kwa pembe hakuwa na ya kupoteza juu ya ubao. Alijifunza njia nyingine, ya kumsogelea mnyama kwa kunyatia mpaka gobori lisiweze kukosa. Ni ustadi mkubwa na unataka moyo, ila haukufundishi kumpiga mtu aliye yadi 400. Makaburu wa Afrika Kusini, waliowatesa Waingereza kwa shabaha zao katika vita vya 1899 hadi 1902, hawakupita Hythe wala Spandau. Lakini walikua na bunduki nzuri mkononi na risasi za kiwandani zikiwafikia.

Kisha mlango ukafungwa kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotangazwa kwa jina jema la kukomesha biashara ya utumwa, ulizuia pia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Ndani yake mliachwa nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Msomaji anaweza kujaza mwenyewe maana ya nafasi hiyo.

Si kwamba hakuna mtawala wetu aliyeona. Sayyid Barghash bin Said aliona mapema. Mwaka 1877 alimchukua ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, amjengee jeshi la kisasa, na serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider, yaani ile Enfield ya Hythe iliyokatwa na kufanywa ya kufungulia nyuma. Kufikia 1880 jeshi hilo lilikuwa na watu wapatao 1,300 wanaojua kwata. Lakini mwalimu wa kuazima hubaki na mwenye kumwazima. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipolipiga kasri la Zanzibar kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa kutimia, Mathews alikuwa upande wa manowari, na askari wa Kizanzibari wapatao 900 walikuwa wamesimama naye. Upande wa Sayyid Khalid, watu takriban 500 walikufa au kujeruhiwa.

Huku Mrima mambo yalikuwa yamekwisha kutendeka. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi kule Pangani na Bagamoyo na Bwana Heri kule Saadani. Bunduki walikuwa nazo, na mizinga kadhaa. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann Wissmann. Naye, kabla ya kuja kwetu, alipita Cairo.

Hili ndilo sehemu ya jibu ambayo mwanangu hakuitarajia, na sikumficha. Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu. Maofisa na masajini walikuwa Wajerumani, lakini safu zake zilijazwa na Wasudani wapatao 600 walioandikishwa Misri, pamoja na watu kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Wasudani hao walikuwa askari wa jeshi la Misri waliobaki bila ya kazi baada ya vita vya Mahdi. Wengi asili yao ilikuwa kusini mwa Sudani na milima ya Nuba, wametekwa au kuandikishwa kwa nguvu, wakasilimu wakiwa jeshini. Walikuja wakiwa wameshapikwa: kwata wanaijua, bunduki ya kufungulia nyuma wameishika miaka, amri wanaitii. Mjerumani akawapa Mauser ya mwaka 1871 na kuwaongezea mafunzo ya kwake. Tarehe 8 Mei 1889 walivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, wakisaidiwa na mizinga na askari wa manowari. Mwezi Desemba mwaka huohuo Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani. Allah amrehemu.

Mwislamu alikuwa mbele ya mtutu na Mwislamu alikuwa nyuma yake. Kuna waliotaka nisiliandike hili katika gazeti letu. Mimi naona heri watoto walisikie kutoka kwetu, tena pamoja na hali za wale askari, ambao wengi hawakuchagua maisha ya bunduki kama vile Abushiri hakuchagua kitanzi. Walituachia na lugha. Vyeo vya askari wa Mjerumani vilikuwa ombasha, shaush, betshaush, sol na efendi, maneno ya Kituruki yaliyopita katika jeshi la Misri. Kila unaposikia “afande” pale getini Lugalo, unasikia mwangwi wa safari hiyo.

Na Lugalo yenyewe? Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na watu wa nchi, alikwenda Uhehe na askari zaidi ya 300 waliofundishwa, wenye bunduki bora kuliko yoyote aliyokuwa nayo Mkwawa. Wahehe walijificha kandokando ya njia mpaka msafara mrefu ulipokuwa katikati yao, kisha wakaingia na mikuki. Ile Mauser ilikuwa ikitia risasi moja moja. Kwa mtu aliye hatua tano mbele yako, kujua kukadiria yadi 400 hakukusaidii kitu. Mafunzo yote ya Spandau yanataka nafasi, na Mkwawa hakuwapa nafasi. Zelewski alikufa, na askari wake zaidi ya 200. Hiyo ndiyo sababu jina lile liko katika bango la kambi yetu.

Wajerumani hawakurudia kosa hilo. Waliporudi kwa nguvu, mwezi Oktoba 1894, walikwenda Kalenga na mizinga, wakaipiga ngome kwa mbali, kisha wakaingia. Mkwawa alipigana msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi mwenyewe ili asikamatwe. Mwaka huohuo wa 1898, tarehe 2 Septemba, kule Omdurman, jeshi la Waingereza na Wamisri liliua wafuasi wa Khalifa wapatao 10,000 katika asubuhi moja, wengi wao wakiwa bado mbali, na lenyewe likapoteza watu wasiofika 50. Hapo ndipo karne ile ilipoishia, iliyoanza kwa kanali kusema kwamba yadi 200 ni sawa na mwezini.

Nilipomaliza kumsimulia mwanangu haya, kwa vipande, jioni baada ya Isha, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama dini inaruhusu kujifunza shabaha. Nikamwambia inaruhusu, na zaidi ya kuruhusu: aya ya 60 ya Suratul Anfal inaamrisha kuandaa nguvu, na Mtume (S.A.W.) alipokuwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kupiga shabaha, akalirudia mara tatu, kama ilivyopokewa na Imam Muslim. Uso wake ukang’aa. Nikaongeza kwamba Imam Muslim huyohuyo amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Uso ukapungua mwanga, kwa sababu anayo manati, na jirani yetu ana njiwa, na nilikuwa nimeshaletewa mashitaka.

Manati sikumnyang’anya. Tulipatana kwamba atatumia makopo, juu ya ukuta wa nyuma, na kwamba njiwa mmoja akiguswa nitaichoma moto. Mpaka ninapoandika haya, makopo ndiyo yanayoumia.

Asubuhi ya Jumapili, maji yalipokuwa yamekupwa, nilimchukua pwani. Nilitaka aone jambo moja la Hythe ambalo halihitaji bunduki. Nikamsimamisha mchangani, nikamwambia ahesabu hatua mia kisha ageuke. Aligeuka, nilimwona anacheka, niliona hata meno. Nikamwashiria aongeze mia. Sura ikawa imepotea, ila shati la bluu nililijua. Kufikia mia nne lile shati lilikuwa doa tu. Akaendelea mwenyewe bila ya kuambiwa, maana watoto wakipewa mchezo hawajui kuacha, mpaka akafika walipokuwa wavuvi na watoto wengine wakikokota ngalawa. Huko, ikawa viumbo sita au saba vidogo, vinakwenda na kurudi. Mauser ya mwaka 1871 ilikuwa na kipimo cha kulengea kinachovuka mita 1,000, mbali zaidi ya pale.

Nilimpungia mkono mara kadhaa kabla hajaniona. Alirudi mbio, anahema, miguu imejaa matope.

“Uliniona, baba?”

“Niliona watu,” nikamwambia. “Sikujua yupi ni wewe.”